Alazwe

Siku ile mjinga alikuwa mimi. Nalisema mapema ili usije ukapoteza muda kumtafuta mwingine, maana humu watapita watu wenye sura za kutiliwa shaka: daktari mwenye haraka, baba mwenye kelele, sista asiyecheka. Waache wapite. Mjinga ni yule mwenye sare nyeupe iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, na kalamu kaitundika sikioni kama fundi seremala.

Nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa pili, na nilikuwa nimewazidi wenzangu umri na makovu. Kabla ya kuvaa nyeupe nilibeba magunia, nikauza viatu vya mitumba, nikafukuzwa kwenye tanuri la mikate kwa kosa la kumchekesha mwokaji mpaka mikate ikawa mkaa. Dunia ilinifunza kwa makofi, nami kila kofi nililijibu kwa mzaha, maana mzaha ndio mali pekee ambayo hakuna aliyewahi kuninyang'anya. Wenzangu waliniita Redio. Nikishawashwa, sizimiki.

Watoto wodini walinipenda. Mtoto akichomwa sindano, mimi ndiye niliyepiga yowe, nikashika kalio langu, nikazunguka kitanda nikichechemea, na mtoto akasahau kulia kwa kunishangaa. Nikaanza kuamini kwamba uuguzi wa watoto ni huo tu, mkono mwepesi na kichekesho kidogo, mengine ni ya mitihani.

Sista mkuu wa wodi ya watoto tulimwita Breki. Si mbele yake, tulikuwa bado tunapenda kuishi. Alikuwa mwanamke mfupi wa viatu visivyo na sauti, na popote ulipoanza kukimbia ulimkuta keshatokea mbele yako. "Unakimbilia wapi? Mgonjwa wako yuko nyuma yako." Alikuwa na somo moja alilolirudia hadi tukalikariri: "Mtoto si mtu mzima aliyefupishwa. Mtu mzima atakwambia panapouma. Mtoto atakuonyesha. Sasa wewe mwenye macho ya kuazima, utaona nini?" Bwenini mimi ndiye niliyemwigiza vizuri kuliko wote. Nikiinua kidole kama yeye na kuifinya midomo, watu walianguka vitandani kwa kucheka. Kuyaiga maneno yake nilikuwa hodari. Kuyasikia ilikuwa habari nyingine.

Basi mchana mmoja nilipangwa mapokezi ya watoto. Foleni ilikuwa imejikunja mara mbili kama nyoka aliyeshiba. Katikati ya foleni akaja mama mmoja mshonaji, nyuzi za rangi tatu zimemng'ang'ania kifuani, kampakata binti wa miaka minne hivi. Watu walimpisha wenyewe, bila kuambiwa. Hilo peke yake lingenitosha kama ningekuwa na akili: foleni ya wazazi haimpishi mtu bure.

"Kaka yangu," mama alisema, "huyu nyumbani tunamwita Kasuku. Anaongea kutwa, anaongea hata usingizini. Leo haongei."

"Ameanza lini?"

"Asubuhi kaamka mzima, kagombana na paka, kamshinda. Baadaye homa ikapanda ghafla, kama moto wa makaratasi. Akasema koo. Akasema tena koo, lakini sauti kama anasemea ndani ya mto. Sasa hasemi kabisa. Hata maji hataki. Hata mate hamezi, ona."

Nikaona. Mtoto alikuwa kakaa mapajani mwa mama yake kaegemea mbele, mikono kaikita magotini, kidevu kakitanguliza kama anayenusa kitu kilicho mbali. Mdomo wazi. Mate yalikuwa yanachuruzika na kulowesha kitambaa cha mama. Hakukohoa. Macho yalikuwa makubwa, ya mviringo, yamekaza.

"Kasuku kanyeshewa leo?" nikamwambia, nikatoa sura yangu ya kuku aliyepotea, ile inayouza kila mahali.

Hakucheka. Hakulia. Hakupepesa hata jicho. Alikuwa na kazi nyingine kubwa zaidi, kazi ya kuvuta pumzi, na hakuwa na nafasi ya mimi. Unajua nilisema nini moyoni? Nilisema: afadhali leo nimepata mtoto mtulivu.

Hapo mlango wa chumba cha daktari ukafunguka. Daktari wa zamu, kijana mrefu mwenye shingo ya kuchungulia juu ya watu, akatoka ili amwite mgonjwa mwingine. Akamwona mtoto akiwa palepale mlangoni. Uso ukambadilika. Nilidhani kakasirikia foleni.

"Huyu alazwe," akasema. "Sasa hivi, usisubiri chochote. Mpeleke kwa sista. Mimi nawapigia simu watu wa upasuaji." Akaondoka kwa hatua ambazo hazikuwa kukimbia lakini zilikuwa zinatamani.

Sasa tusimame hapa kidogo, kwenye neno hilo moja. Kila mwenye lugha hii analijua. Shangazi yako akilazwa hospitali hakuna anayekuuliza kama kalala chali au ubavu. Anaweza kuwa kalazwa na huku kasimama dirishani anawasema majirani. Kulazwa ni kupokewa, kupewa kitanda, kubaki. Nililijua hilo kama ninavyolijua jina langu. Lakini mtu mwenye kiherehere halisikii neno, anausikia mkono wake unavyowashwa kutenda. Tena nilikuwa nimeshamwona mtoto kajipinda vile mbele, nikajisemea huyu kachoka, anahitaji kunyooshwa. Neno la daktari likaniangukia kama amri niliyokuwa naingoja.

Wodini sista Breki alikuwa chumba cha dawa, upande wa pili. Kitanda kilichokuwa kitupu kilikuwa kile cha dirishani, chini ya twiga aliyechorwa ukutani. Twiga yule alikuwa na miguu mitatu. Wa nne ulikuwa umebanduka pamoja na lipu.

"Haya Kasuku," nikasema, "daktari kasema ulazwe. Kwa hiyo lala."

Nikamtoa mapajani mwa mama, nikamlaza chali. Akainuka kama springi. Nikamlaza tena, nikimwimbia kidogo. Akausukuma mkono wangu, akainuka, akarudi kwenye mkao wake wa kuegemea mbele.

"Kaka, hapendi kulala," mama akasema. "Toka homa ipande hapendi."

"Mama, hospitali tunafuata maagizo."

Ndiyo. Nilisema hivyo. Kwa mdomo huuhuu ninaolia chakula.

Mara ya tatu nikayashika mabega yake, taratibu, huku natabasamu, nikayashikilia pale kwenye mto. Kwa mkono mwingine nikachomoa mfukoni kijiti cha kukandamizia ulimi. Nilitaka nilitazame koo kabla sista hajafika, ili akija nimwambie, "Sista, koo ni jekundu sana," naye aitikie kwa kichwa, na jioni bwenini nipate la kusimulia.

Pumzi yake ilikuwa na sauti ndogo ambayo nilikuwa sijaijali, nyembamba, kama bawaba ya mlango wa chumba cha mbali. Nilipomlaza ile mara ya tatu, bawaba ikapanda juu. Ikawa nyembamba zaidi. Halafu ikanyamaza.

Kifua kilikuwa kinafanya kazi. Kile kishimo cha chini ya shingo kilikuwa kinazama ndani, mbavu zinajichora, tumbo linapanda huku kifua kinashuka, kila kitu kinavuta, na hakuna kinachoingia. Midomo ikawa rangi ya majivu ya kuni. Macho yake yalikuwa yananitazama mimi. Si mama yake. Mimi, niliyemshika mabega. Nimewahi kuangukiwa na gunia kutoka juu ya lori, nimewahi kufukuzwa na watu wenye marungu kwa kosa la mtu mwingine, lakini hofu ya kweli nilikutana nayo pale, kwenye macho ya mtoto ambaye hajui kama mimi ni mjinga au ni muuaji.

Kijiti kilikuwa karibu na midomo yake mkono wa mtu uliponikamata kifundo.

Breki. Hakupaza sauti. Ningelipa chochote apaze sauti.

"Weka chini hicho," alisema, kwa sauti ya mtu anayebembeleza. "Mama, mchukue mwanao. Mkalishe kifuani kwako. Aegemee anavyotaka yeye. Usilie, mama yangu, utalia baadaye, nami nitakuja kulia na wewe."

Mama akamnyakua. Mtoto akajikunja mbele, akatanguliza kidevu, akatafuta. Tukangoja. Sikuwahi kujua kwamba mtu anaweza kungoja kwa mwili mzima, mpaka kucha. Halafu ile bawaba ikalia. Sauti mbaya, nyembamba, ya kutu. Sijapata kuupenda wimbo wowote duniani kama nilivyoipenda sauti ile.

Breki akanivuta hatua moja pembeni, mgongo kampa mtoto, uso wake ukiwa umetulia kama anayeniagiza sabuni.

"Kile kifuniko kinachoziba njia ya hewa tunapomeza kimevimba. Akiegemea mbele kinaning'inia, hewa inapata upenyo. Ukimlaza kinarudi nyuma, kinakaa kama kizibo cha chupa. Ukimtia kijiti kinafunga. Ukimchoma sindano akalia, kinafunga. Umeelewa?"

"Ndiyo, sista."

"Hujaelewa. Utaelewa ukishapoa. Sasa hivi tetemeka huku unatabasamu."

Nikatabasamu. Sijui tabasamu lile lilifananaje, lakini meno yalikuwa nje.

Kisha nikamwona Breki akifanya kazi ambayo kwa nje ilikuwa kama kutofanya kitu. Hakumpima homa. Hakumgusa. Hakuruhusu mtu yeyote amkaribie na sindano. Mpira wa oksijeni alimpa mama mwenyewe mkononi, akamwambia aushike karibu na pua ya mtoto bila kumfunika, kama anayempepea. Sinia la dharura alilileta polepole na kuliweka nyuma ya kiti, akalifunika kwa taulo lenye picha ya bata. Mimi nilijua kilichokuwa chini ya bata yule. Kulikuwa na sindano nene ya kutoboa shingo, kwa saa ambayo bawaba itanyamaza na isirudi. Daktari wa zamu akachungulia mlangoni, akanong'ona kwamba daktari wa usingizi na yule wa koo wako chumba cha upasuaji wanamalizia mgonjwa aliye mezani, kisha akarudi hukohuko. Hakuna njia ya mkato. Tungoje.

Nami nikaona bora nijitoe. Nikaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni. Macho ya mtoto yakanifuata, na kidevu kikaanza kutetemeka, kile kitetemeko kinachotangulia kilio.

"Simama," Breki akasema bila kunitazama. "Anakuchunga. Anakuogopa wewe. Ukipotea machoni pake atahangaika kukutafuta. Kaa chini."

Nikavuta kigoda.

"Si hapo. Chini. Sakafuni. Uwe mdogo kuliko yeye."

Nikakaa sakafuni, sare yangu ya pasi na yote, magoti yamenifika masikioni. Sasa mtoto alikuwa ananitazama kwa chini, kama malkia anavyomtazama mshitakiwa.

"Mwambie kitu," Breki akasema. "Taratibu. Asilie. Na Redio, sikiliza vizuri: asicheke."

Nikamgeukia. "Asicheke?"

"Akicheka akapaliwa na mate, tumekwisha."

Mtu mmoja anaambiwa achinje bila kisu, mwingine apike bila moto. Mimi niliambiwa niseme na mtoto bila kumchekesha. Maisha yangu yote silaha yangu ilikuwa moja, na sasa ndiyo iliyokuwa inaweza kuua.

"Kasuku," nikanong'ona. Sauti yangu mwenyewe sikuitambua. "Unamwona yule twiga?"

Macho yakapanda ukutani, yakarudi kwangu.

"Mguu wake mmoja haupo. Umekwenda matembezi. Uliamka asubuhi ukasema, nyinyi wenzangu watatu mnakoroma..."

Nikaona pembe ya mdomo wake ikitaka kupanda. Nimewahi kuogopa polisi, wenye nyumba na mbwa, lakini siku hiyo niliogopa tabasamu. Nikaukamata mguu wa twiga haraka kabla haujafanya vituko.

"...lakini hawakukoroma. Walilala vizuri tu. Mguu ukatoka taratibu. Ukapita mlangoni. Mlango ulikuwa wazi. Ukafika barabarani. Barabara ilikuwa nyeupe. Ukatembea. Ukatembea tena."

Haijapata kutungwa hadithi mbovu kama ile. Mguu ulitembea. Ukaona jiwe. Ukalizunguka. Ukaona jiwe jingine. Kila nilipotaka kuweka utamu nilijiuma ulimi, na kila nilipokauka mno nikaona kidevu kikitetemeka, nikatia punje moja, kipepeo hivi, au kivuli cha mti. Bawaba ilikuwa inalia, inapumzika, inalia. Nami nikagundua nilikuwa navuta pumzi pamoja naye, ikikawia yangu inakawia.

Mama alikuwa hasogei. Machozi yalikuwa yanamshuka yakiangukia nywele za mtoto, lakini koo lake halikutoa hata kwikwi moja. Kutoka siku hiyo mtu akiniambia wanawake ni dhaifu namwacha aongee peke yake.

Ndipo tukamsikia baba.

Tulimsikia kabla hatujamwona, kutoka mwisho wa ukumbi. "Mwanangu yuko wapi? Nimepigiwa simu kalazwa! Wodi ya watoto ni ipi?" Sauti ya mtu aliyezoea kuongea juu ya mashine. Mtoto akashtuka. Bawaba ikaruka juu, ikawa uzi.

Breki alikuwa mlangoni kabla mimi sijafikiria kuinuka. Akaja mwanamume mpana, fundi wa kuchomelea vyuma, ovaroli limejaa vitundu vya cheche, kofia mkononi. Akachungulia juu ya kichwa cha sista, akaona.

"Nini hiki? Mnasema kalazwa, mbona mmemkalisha kama yuko kwenye foleni? Kitanda si hicho hapo kitupu? Mtoto mgonjwa, mlazeni!"

Kumbe hatukuwa mjinga mmoja. Lakini mwenzangu hakuwa amesomea.

"Baba," Breki akasema kwa sauti ya chini sana, "hebu sikia sauti ile."

"Sauti gani?"

"Ile."

Yule mtu akatega sikio. Akasikiliza. Nilimwona akisikiliza, kama fundi anavyoisikiliza mashine inayotaka kufa. Rangi ikamtoka.

"Ile ndiyo pumzi yake," Breki akasema. "Ukipaza sauti atalia. Akilia, hatutaisikia tena."

Baba akaikunja kofia yake, akaitia mdomoni, akaiuma. Akabaki kasimama vile, kofia mdomoni, macho mekundu, mtu mzima mwenye mabega ya mlango.

Daktari wa zamu akarudi. Akaitikia kwa kichwa tu. Tayari.

Kiti cha magurudumu kililetwa, mama akakalishwa, mtoto kifuani, mpira wa oksijeni mkononi. Mimi nilipewa kazi ya kutangulia kinyumenyume, nimeinama, nikiendelea na mguu wa twiga. Tukasogea kidogo, na lile gurudumu la mbele, gurudumu ambalo wodi nzima ilikuwa inalilaani na hakuna aliyewahi kulitia mafuta, likaanza kupiga kelele na kutikisa kiti. Mtoto akayumba. Uzi wa pumzi ukakatika, ukaunga.

Baba hakungoja kuambiwa. Akaitema kofia, akainama, akakikamata chuma cha mbele kwa mkono mmoja, akakinyanyua kidogo, gurudumu likaning'inia hewani. Akatembea hivyo, kajipinda kama kamba, ukumbi mzima, kiti kikiteleza juu ya magurudumu mawili ya nyuma kama kimepakwa siagi. Breki alikuwa nyuma na sinia lake la bata. Hakuna aliyesema isipokuwa mimi, na mimi nilikuwa nasema upuuzi.

"Mguu ukaona mto mdogo. Ukasimama. Ukautazama mto."

Kati ya jengo letu na jengo la upasuaji palikuwa na kizingiti cha saruji. Nilikipita kila siku, sijawahi kukiona. Baba alikiona kwa kuchelewa. Kiti kikagonga. Kichwa cha mtoto kikarushwa nyuma, kikaegemea bega la mama.

Kimya.

Kishimo cha shingo kikazama, mbavu zikajichora. Hakuna bawaba. Nikasikia taulo la bata likifunuliwa. Nikamwona Breki, kwa mara ya kwanza, mkono wake unatetemeka, na kuuona mkono ule ukitetemeka kuliniogofya kuliko kimya chenyewe.

"Mama," akasema, "msogeze mbele. Mbele tu. Kidogo."

Mama akamsogeza. Mtoto akatanguliza kidevu. Akatafuta. Midomo inageuka majivu, na macho, Mungu wangu, macho yamenirudia mimi.

"Mguu," nikasema, na sauti ikanikatika, nikaianza tena. "Mguu ukauvuka mto, Kasuku. Ukavuka. Ukafika ng'ambo."

Bawaba ikalia.

Milango ya upasuaji ikafunguliwa. Daktari wa usingizi, mzee mwenye sauti laini, alikuwa katoka bila barakoa ili mtoto auone uso wake. Hakumchukua kutoka kwa mama. Alimwingiza mama na kila kitu, kiti na mtoto, na milango ikafungwa. Mtoto angelala usingizi akiwa amekaa, kifuani kwa mama yake, na hapo ndipo wangejaribu kupitisha mrija.

Tukabaki nje. Baada ya muda mama akatolewa. Mikono yake ilikuwa bado imeshika umbo la mtoto, na mtoto hayumo. Akakaa sakafuni, ukutani. Baba akakaa kando yake, ananukia chuma. Akanitazama.

"Wewe ndiye uliyempokea?"

"Ndiyo, kaka mkubwa."

"Ahsante, mdogo wangu."

Mama akaniinulia macho. Alikuwa ameona yote, mabega na kijiti. Akanitazama kwa kitambo, kisha akayarudisha macho kwenye ule mlango. Shukrani ya baba ikabaki mikononi mwangu kama mzigo niliopewa kimakosa na mwenyewe hayupo wa kurudishiwa.

Hadithi za wodini zimejaa milango inayofunguka. Huu ulikawia. Ulikawia mpaka baba akaanza kuvihesabu vitundu vya ovaroli lake kwa kidole, mpaka nikaacha kuomba kwa maneno nikawa naomba kwa meno. Halafu ukafunguka, na daktari wa zamu akatoka, jasho limemchora mgongo.

"Mrija umeingia. Anapumua. Kifuniko kilikuwa chekundu na kimevimba kama tunda la kahawa lililoiva, lakini mrija umepita. Atakuwa nao mpaka uvimbe ushuke."

Mama akalia hapo. Alilia kwa sauti yake yote aliyokuwa ameificha, na Breki, kama alivyoahidi, akakaa naye sakafuni.

Haikuishia hapo, maana hofu ikimtoka mtu hutafuta pa kukaa, na mara nyingi hukaa mdomoni. Tulikuwa wodini, Breki anarudisha vitu vya lile sinia mahali pake, kimoja kimoja, daktari wa zamu akaingia. Alikuwa kaambiwa.

"Nani alimlaza yule mtoto chali?"

"Wewe, daktari," nikasema. Mdomo huponza kichwa, na wangu haukuwa umejifunza bado.

"Mimi?"

"Ulisema alazwe."

"Nilisema alazwe! Sikusema alazwe!"

"Umejisikia ulivyosema?"

"Alazwe maana yake apewe kitanda!"

"Na kitanda ni cha nini, daktari? Cha kusimamia?"

"Mjomba wangu kalazwa wodi ya wanaume, na kila nikipita namkuta uani anacheza karata. Huyo kalazwa au hakulazwa? Kila mwenye lugha anajua!"

"Lugha ninayo, ndiyo iliyoniponza. Ungesema abaki. Ungesema apewe kitanda akae. Neno lilitoka kwako, mimi nilikuwa mkono tu."

"Mkono usio na kichwa!"

"Kichwa kilikuwa kinakimbilia kwenye simu!"

Mtoto wa kitanda cha jirani akavuta shuka mpaka puani atutazame vizuri. Breki akalikunja taulo la bata, pembe kwa pembe, akalilaza juu ya sinia.

"Mmemaliza?"

Daktari akamtazama twiga, mimi nikamtazama bata.

"Redio. Daktari alisema alazwe. Hilo nimelisikia. Ulipomlaza, mtoto alifanya nini?"

"Aliinuka, sista."

"Ukafanyaje?"

"Nikamlaza tena. Akainuka tena." Sauti ilikuwa inanipungua. "Akanisukuma mkono."

"Kwa hiyo daktari kasema alazwe, na mtoto kasema halali." Akaitungua kalamu sikioni mwangu, akanitia mkononi. "Sasa niambie, baba, kati ya hao wawili mgonjwa alikuwa nani?"